Mwenyekiti Aliyepungukiwa A

Siku niliyostaafu, ninyi vijana wa stendi mnaochapa fulana na mabango ya plastiki mliniletea keki. Juu yake mlikuwa mmeandika kwa sukari HONGERA MAMA MINZA, kwa herufi nene zenye visigino. Nilipouliza mmezitoa wapi, mmoja wenu akanijibu kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa, “Hiyo inaitwa vintej, mama. Ipo kwenye kompyuta.” Nilicheka mpaka keki ikanipalia. Hiyo vintej yenu nimeibeba kwa mikono yangu miaka mingi, nimeipangusa kwa mafuta ya taa, imeniangukia kidole cha mguu, na wakati naijua mimi ilikuwa na jina lake la heshima. Tuliiita Mwenyekiti.

Mmeniomba niandike mambo ya kazini. Ya vyeo sitaandika, kwani kwetu vyeo vilikuwa viwili tu, mwenye ufunguo na asiye na ufunguo. Mshahara nao ulikuwa mgonjwa tangu ujana wake, tuuache upumzike. Nitaandika juu ya herufi, maana ndizo zilizonilea, na juu ya watu waliozitaka, maana hao ndio walionichekesha.

Niliingia kiwanda cha uchapaji cha misheni pale Bariadi nikiwa msichana aliyemaliza darasa la saba, enzi ambazo sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Simiyu haikuwa mkoa bado, tulihesabiwa Shinyanga. “Kiwanda” nalo lilikuwa neno la kujipa moyo. Kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya ghala, chenye mashine ya kanyagio, meza ya bati, na droo za herufi zilizopangwa ukutani kama vitanda vya bwenini. Aliyetawala humo alikuwa Mzee Luhende, mpangaji herufi, mzee wa kanisa, mtu mfupi mwenye kucha nyeusi ambazo hazikuwahi kutakata hata siku ya Pasaka.

“Mwangaluka, baba,” nilimsalimia asubuhi ile ya kwanza.

“Mwangaluka, mayu,” alijibu, maana kwetu hata msichana huitwa mama. “Unajua kusoma?”

“Najua.”

“Hujui. Unajua kusoma kwa kwenda mbele.”

Akachukua droo nzima ya herufi za risasi, zile ndogo za vitabu vya nyimbo, akaimwaga mezani, akaniambia nizirudishe kila moja kwenye chumba chake. Herufi ya kuchapia huwa imegeuka, kama uso wako kwenye kioo, na b na d na p na q zote zinakuangalia kama watoto wa mama mmoja waliovunja chungu. Nilishinda nazo siku nzima. Jioni Mzee Luhende alipita, akatoa b moja kwenye chumba cha d, akaniwekea kiganjani, akaenda kunawa. Nililia njiani. Baada ya wiki chache nilikuwa nasoma kinyume kuliko mbele, na ugonjwa huo sijapona. Mpaka leo nikiona gari la wagonjwa limeandikwa kinyume kwenye pua yake, huwa naona hilo ndilo gari pekee lililoandikwa sawasawa.

Mwenyekiti alikaa kwenye droo ya chini kabisa, kwa sababu ya uzito. Hakuwa wa risasi, alikuwa wa mbao ngumu iliyokolea wino mpaka ikawa rangi ya chungu cha zamani, na kila herufi yake ilitosha kuziba mdomo wa kikombe. Mkitaka kujua kwa nini tulimpa jina hilo, iangalieni B yake. Ni nene tumboni na nyembamba pale ambapo kazi hasa inafanyika, yaani kwenye maungio. Chini ina visigino vipana, imekanyaga ardhi kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. R yake imetoa mguu mmoja mbele kwa maringo. S yake ina shingo fupi na kitambi. Ukimpanga Mwenyekiti kwenye karatasi, hata kama umeandika UJI, inaonekana ni uji uliopitishwa na kikao.

Alikuwa na ila moja kubwa. Alichongwa Uingereza, kwa ajili ya Waingereza, kwa hiyo alikuja na E nyingi kama kuku wa kienyeji, T za kutosha, na Q tatu zenye mikia mizuri ajabu ambazo hazikuwahi kupata kazi hata siku moja. Zilikaa tu kwenye droo, zikipanguswa kila Ijumaa pamoja na zinazofanya kazi. Ofisi nyingi nilizoingia baadaye zilinikumbusha Q zile. Lakini A, ambayo Kiswahili hakiwezi kumaliza sentensi bila kuikanyaga mara kumi, zilikuwa nne tu.

“Mzungu ametupa Q tatu na A nne,” Mzee Luhende alikuwa akisema. “Sijui alifikiri tutaongea nini.”

Dawa yake ilikuwa V. Mkiigeuza V ya Mwenyekiti kichwa chini, mguu mnene unakuja kulia na mwembamba kushoto, sawasawa na A, na visigino vyake vinakaa chini vizuri. Kinachokosekana ni ule mkanda wa katikati tu. V zilikuwa mbili, kwa hiyo tulikuwa na A nne zilizovaa na A mbili zisizo na mkanda, na watu wa Bariadi walizoea. Nina hakika wapo watoto waliojifunza kusoma kwenye matangazo yetu wakaamini kwamba A ni za jinsia mbili. Chini ya Mwenyekiti hatukuwa na makamu. Ukimtoa yeye, unashuka moja kwa moja kwenye zile herufi ndogo za nyimbo.

Sheria ya Mzee Luhende ilikuwa hii: Mwenyekiti apewe maneno machache na asimame mbali na watu. Alifaa kwa MNADA, kwa ONYO, kwa CHANJO. Alifaa kwa jambo ambalo mtu anatakiwa alione akiwa bado ng'ambo ya barabara na ng'ombe wake, aamue kama atavuka au atarudi. Hakufaa kwa maelezo. Kuna bwana afya mmoja alitulazimisha tuchape kwa Mwenyekiti tangazo zima la kipindupindu. Neno KIPINDUPINDU lilimaliza upana wa karatasi, neno CHEMSHA likamaliza urefu, na habari ya maji ikakosa pa kukaa. Watu walichemsha uji, wakachemsha viazi, wakasema serikali imesikika.

Wala hakufaa kwa mapenzi. Mwalimu mmoja wa Shishiyu alitaka kadi za harusi kwa herufi hiyo ili, alisema, mambo yawe mazito. Tulimchapia. Mjomba wa bibi harusi alipoipata kadi yake akauliza mnada unaanza saa ngapi.

Kwa hiyo, kabla serikali haijatoa ruksa ya biashara, watu wote wa huku walijua maana ya herufi ile. Kilichotangazwa kwa Mwenyekiti kilikuwa ama amri ama mgao. Chanjo ilitangazwa kwa Mwenyekiti na ilikuwa bure. Mahindi ya njaa yalitangazwa kwa Mwenyekiti na yalikuja kweli, japo na funza. Hakuna aliyewahi kuona herufi ile ikimdanganya, maana haikuwa imewahi kutumwa kuuza kitu.

Halafu ikaja ruksa. Ninyi mmekuta kila kitu kinauzwa, hamuwezi kuelewa. Mwaka mmoja unatafuta betri ya redio mpaka Mwanza, mwaka unaofuata betri zinakutafuta wewe. Zikafunguka bucha, saluni, gesti na vioski, na kila aliyefungua kitu alikuja kwetu akiwa na maneno yake kwenye kipande cha boksi na ombi lile lile: “Niandikieni kwa ile herufi ya zamani.” Hapo ndipo nilipoanza kuijua nchi yangu. Duka lililofunguliwa Jumamosi lilitaka lionekane limekuwepo tangu enzi za Mjerumani. Mnunuzi wa pamba binafsi, ambaye ghala lake lilikuwa turubai na mizani yake ilikuwa ya kuazima, alitaka jina lake likae kama jina la benki. Mwingine alitaka ile alama ya Kiingereza ya kuandikia “na”, iliyojikunja kama nyoka aliyekunywa togwa, akataka liandikwe jina lake, na nyoka, na WANAWE. Mzee Luhende akamuuliza ana watoto wangapi. Hakuwa na mtoto. Alisema ni ya biashara.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Enzi za ruksa kibaya kiliacha hata kutembea, kikaja kwetu kuvalishwa visigino. Nilimuuliza Mzee Luhende kama haoni vibaya.

“Mayu, koti la marehemu linamkaa kila mtu vizuri,” alisema. “Ndiyo maana wanagombania.”

Mengine yaliyokuja baadaye, misheni kuuza mashine kwa mtu wa Mwanza, kompyuta, plastiki, mnayajua kuliko mimi. Mimi nataka niwaeleze kazi moja tu ngumu, ya mbina ya Manyanda na Doto. Ngumu si kwa mikono. Ngumu kwa sababu mtu alikuwa anakaribia kupoteza kila alichonacho, na kilichotegemewa kumwokoa kilikuwa kwenye droo yangu.

Kwa wageni mtakaosoma hii, mbina ni ngoma ya mashindano. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, siku moja, kila moja upande wake. Hakuna majaji wala alama. Watu wanatembea. Upande uliojaa watu jioni ndio ulioshinda, na upande uliobaki na vumbi umeshindwa, na hakuna rufaa.

Manyanda alikuwa manju, kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, anayejulikana kutoka Lagangabilili mpaka Mwamanyili. Umri ulikuwa umekwenda. Alipaka nywele rangi nyeusi ambayo jasho liliishusha mpaka shingoni, alivaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, na alikuwa mtu wa majivuno ambaye hukuweza kumpa chai bila yeye kukueleza ni wapi alipewa chai bora zaidi. Kusoma hakujua. Lakini jina lake kwa Mwenyekiti alilitambua kwa umbo, maana tulikuwa tumemchapia tangu ujana wake, na nyumbani kwake karatasi hizo ndizo zilikuwa mapambo ya ukuta.

Doto alikuwa kijana wa filimbi na viatu vya raba, mpole, mwenye kundi jipya. Mwaka ule vijana wa Manyanda walikuwa wamemwambia mzee wao waziwazi, mbele ya wake zake: tukishindwa safari hii tunahamia kwa Doto. Manju asiye na wachezaji ni mzee anayeimba peke yake uani. Manyanda alilijua hilo, na kila mtu Bariadi alilijua.

Ndipo akaja meneja. Alikuwa wakala wa soda, ametoka Dar es Salaam, ana mkoba wenye namba za siri na shati lenye mikunjo ya pasi. Soda sasa zilikuwa za kushindania wateja, na yeye alikuwa amegundua kwamba Wasukuma wanapenda ngoma, ugunduzi ambao alituletea kama habari mpya. Angefadhili mbina ile, na alitaka matangazo.

“Dada yangu, soko huria ni kuonekana,” aliniambia. “Nataka ile herufi nzito ya kikoloni. Ile inayosema tulikuwepo.”

“Mlikuwepo wapi?” aliuliza Mzee Luhende.

“Ni lugha ya biashara, mzee.”

Maneno aliyoyataka kwa Mwenyekiti yalikuwa MBINA, BARIADI, MANYANDA, DOTO na SODA. Siku na uwanja wa mnada vingekaa chini kwa herufi ndogo. Mzee Luhende alizitazama A zile bila kuhesabu kwa kidole, akasema zinatakiwa saba. Tunazo nne, na V mbili za kugeuza. Inapungua moja.

Meneja hakusumbuka. “Huyu mwenye A tatu muwekeni kwenye ndogo. Doto aendelee, jina lake limekaa kibiashara.”

Na kweli DOTO halina A hata moja. Herufi nne nene, mbili za mviringo, zinaviringika zenyewe. Hivyo ndivyo ilivyotaka kuwa: mtu aliyeimba miaka yote ile anashushwa kwenye herufi za wimbo wa kuingilia kanisani kwa sababu baba yake alimpa jina lenye A nyingi.

Habari za mjini hazihitaji karatasi. Kesho yake asubuhi Manyanda alikuwa mlangoni, na miwani yake.

“Mwangaluka, mayu. Mhola?”

“Mhola, baba. Karibu.”

“Nionyeshe nilipolala.”

Nikamwonyesha karatasi ya majaribio. Aliipima DOTO kwa shubiri yake, akapima jina lake kwa ukucha. Akavua miwani. Sikuwahi kuyaona macho yake kabla, na nilitamani asingeyaonyesha, yalikuwa macho ya mtu ambaye hajalala.

“Huyu amesimama,” alisema, “na mimi nimezikwa. Vijana wangu wakiona hii, mayu, hawatangoja hata ngoma ipigwe.”

“Hawa vijana wanajua kusoma?” Mzee Luhende alimuuliza.

“Hawajui. Lakini kubwa na ndogo wanajua.”

Mzee Luhende alikwenda kwenye droo ya chini, akatoa A tatu zenye mkanda, zile nzima kabisa, akampangia MANYANDA hapo hapo mbele yake, akaikaza kwenye fremu ya chuma. A ya nne akampa SODA, kwa kuwa soda ndiyo iliyokuwa inalipa. V moja ikaenda MBINA, V nyingine ikaenda BARIADI, na BARIADI ikabaki na pengo katikati: BARI, nafasi, DI. Wenye kazi hii mtaniuliza kwa nini. Tulifanya hivyo siku zote. Unachapa mara ya kwanza, unasubiri wino ukauke, halafu unapitisha karatasi mara ya pili ukiwa na A moja tu, inatua kwenye pengo lake. Mji ungepata A yake mchana.

Manyanda alipima tena kwa shubiri. Akaridhika, akavaa miwani, akatuambia kwamba Shinyanga walimchapia kwa herufi kubwa kuliko hizi. Kabla hajaondoka akatoa kifuko cha ngozi chenye unga mweusi, dawa ya mvuto, ya kuwavuta watu waje upande wake. Alitaka jina lake lipakwe.

Mimi nilidhani Mzee Luhende, mzee wa kanisa, atamtoa nje kwa fimbo. Alikinusa kile kifuko, akatikisa kichwa.

“Usoni hapana, itaharibu wino. Paka mgongoni.”

Akapaka mgongoni. Na asubuhi hiyo hiyo akaja mjomba wake Doto na kifuko chake, naye akaelekezwa mgongoni. Nilizipangusa baadaye zote kwa mafuta ya taa, kitambaa kimoja, kwa hiyo kama dawa zile zilipigana, zilipigania ndooni.

Meneja alifika wakati karatasi ya kwanza inatoka mashineni. Aliishika kwa ncha za vidole, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga.

“Hapa mmekosea,” alisema. “BARIDI ni neno moja, hamuwezi kuacha pengo katikati. Na mmeiweka juu. Ishusheni iwe chini na SODA. Soda baridi.”

“Meneja, hapo kuna A inakuja,” nilisema.

“Dada, mimi nimesomea matangazo. Soda baridi. Ni wazo zuri sana, sijui nani kalitoa, lakini mmelikosea.”

Nilimtazama Mzee Luhende. Mzee Luhende alimtazama meneja kwa muda, kama anavyoitazama karatasi kuona kama wino umekolea. Halafu akachukua nyundo yake ndogo ya mbao, akalegeza fremu, akaziba lile pengo, akaishusha BARIDI karibu na SODA, akakaza.

“Mteja amesoma, ameridhika,” alisema. “Kanyaga, mayu.”

Nikakanyaga. Ndivyo mji wa Bariadi ulivyopoteza A yake na jina lake kwenye tangazo la mbina yake. Gari la meneja likazichukua karatasi zile mbichi bado, likazibandika kila penye ukuta, Lagangabilili, Shishiyu, Mwamanyili, kwenye milango ya shule na magulio. MBINA. MANYANDA. DOTO. SODA BARIDI.

Sasa kumbukeni nilichowaambia. Huku kwetu Mwenyekiti alikuwa hajawahi kuuza kitu. Chanjo ilikuwa bure, mahindi yalikuwa bure. Mbina yenyewe ni bure, huwezi kulipa kusimama. Walimu walipoulizwa na wazee tangazo linasemaje, walisoma kama lilivyo: kuna mbina, kuna Manyanda, kuna Doto, kuna soda baridi. Vyote vinne kwa kimo kimoja. Nani angefikiri kwamba vitatu ni vya kutazama na kimoja ni cha kununua?

Jumapili ile sijaona mfano wake. Watu walianza kuingia alfajiri na vikombe vyao. Kina mama walikuja na vibuyu, bibi mmoja alikuja na ndoo yenye mfuniko ili awapelekee wajukuu. Meneja alisimama juu ya gari lake, amefurahi, anasema kwenye kipaza sauti kwamba hii ndiyo nguvu ya matangazo. Gari lenyewe alikuwa ameliegesha upande wa Doto, na makreti yalikuwa juani tangu asubuhi. Barafu ilitakiwa itoke Mwanza, haikufika. Friji ya mafuta ya taa iliyokuwepo gesti ingepoza chupa za kutosha kamati ya maandalizi tu.

Watu wakamiminika kwenye gari, yaani upande wa Doto. Doto alipiga filimbi, akaruka, vijana wake wakaruka, na uwanja wake ukajaa mpaka wengine wakapanda juu ya maboma ya ng'ombe. Upande wa Manyanda walibaki wake zake, wakwe zake, Mzee Luhende na mimi, na mbwa. Vijana wake walicheza huku wanaangalia kule. Mmoja alikuwa ameshavua kengele za mguuni, amezishika mkononi, anangoja mwenzake wa kwanza aondoke. Manyanda aliimba na sauti ikawa inakwaruza. Rangi ya nywele ilianza kushuka shingoni. Sikuweza kumtazama, nikawa natazama chini.

Kule kwenye gari mtu wa kwanza alinyoosha kikombe, akaambiwa bei. Akacheka, akadhani ni utani. Wa pili alikuwa na uwezo, akanunua, akaonja, akaitema.

“Ya moto,” alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. “Jamani, baridi yenyewe ya moto.”

Ile habari ilipita kwenye umati kama inavyopita habari ya nyoka. Bibi mwenye ndoo alimuuliza meneja hiyo baridi aliyoiandika iko wapi. Meneja akamjibu kwenye kipaza sauti kwamba ni msemo wa kibiashara.

Manyanda alikuwa na majivuno yake, lakini manju ni manju. Alinyanyua mkono, ngoma zikanyamaza, akaanza wimbo ambao haukuwepo dakika ile iliyotangulia. Aliuimba kwa Kisukuma na mimi nawapa maana tu: mtu ametoka mbali na baridi kwenye gari, tumeifungua tumekuta ni uji; ametuuzia jua letu wenyewe ndani ya chupa; mji wetu nao ameufanya bidhaa, nimeutafuta kwenye karatasi siuoni. Hilo la mji alikuwa ameambiwa na Mzee Luhende asubuhi ile, kwa mzaha. Vijana waliitikia. Yule mwenye kengele mkononi akaanza kuzivaa tena, haraka haraka, anakosea vifungo.

Na watu wakatembea. Walikuja kwanza wale waliotema, halafu walioambiwa bei, halafu wengine wote kwa kuwa wenzao wanakwenda. Bibi akaja, akageuza ndoo yake, akaikalia mbele kabisa. Jua lilipoanza kuinama upande wa Doto ulikuwa na gari, makreti, na kamati iliyokuwa inakunywa soda za gesti. Doto mwenyewe aliacha kupuliza filimbi, akasimama anasikiliza wimbo, na nilimwona mguu wake unafuata pigo.

Mbina ilikuwa imekwisha kila mtu akijua imekwishaje. Lakini kumbe meneja alikuwa na jambo lake. Alishuka na ubao mkubwa uliofungwa gazeti, akaufungua, akamtaja mshindi kwenye kipaza sauti, akampa Doto. Ubao ulikuwa umepakwa rangi Mwanza, kwa kuiga Mwenyekiti wetu, tumbo, visigino na vyote, na rangi yake ilikuwa imekauka siku nyingi. Doto aliupokea kwa mikono miwili kwa sababu alilelewa vizuri, halafu akabaki nao, hajui auelekeze wapi.

Manyanda akanijia, jasho jeusi linamtiririka kwenye kola.

“Mayu, wewe unajua kusoma. Pale pameandikwa nini?”

Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia, “Bingwa Doto.”

“Kwa Mwenyekiti?”

“Kwa Mwenyekiti.”

Aliutazama ubao ule kwa makini, kama anaupima kwa shubiri kutoka mbali. Kisha akageuka akawatazama watu waliokuwa nyuma yake, waliojaa mpaka barabarani.

“Basi huo ni wa wanaojua kusoma,” alisema. “Mwachieni meneja na kamati, watausoma.”

Akawaambia vijana wake wafunge ngoma. Walizifunga zote, wakamfuata.